Tapeli wa simu anaishi kwa aibu yetu: niliyoyakuta msimu wa korosho Newala na Tandahimba

Nikimwambia mtu nimesoma uhalifu wa mtandao moja kwa moja anajua ni mambo ya kompyuta, kuingia kwenye mifumo ya watu, kufungua simu iliyojifunga, na nyumbani wapo ndugu mpaka leo wakisikia nimekuja wananiletea simu zao nizitazame. Mimi nilisoma sosholojia. Nilichokua nakifatilia ni watu, anaeiba, anaeibiwa na yule wa katikati alieona akanyamaza, na nimekaa Newala na Tandahimba, wilaya za mkoa wa Mtwara, misimu ya korosho nikiwauliza watu mambo ambayo hakuna anaependa kuulizwa. Nilichotoka nacho nakiweka hapa juu kabisa ili hata anaesoma kwa haraka akipate: tapeli wa simu anaishi kwa aibu yetu. Siku mtu akiibiwa akaweza kusema palepale mbele ya jirani zake bila kusimangwa, kazi ya huyo tapeli itakua ngumu sana.

Twende taratibu maana wengi hawaijui Kusini vizuri. Huku hela haiji kila mwezi. Korosho zinaokotwa, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi yaani AMCOS, unapimwa, unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, Newala na Tandahimba tuko chini ya chama kikuu cha ushirika TANECU, Masasi na Mtwara chini ya kingine, MAMCU, alafu baada ya mnada ndo hela inaingia kwenye akaunti. Minada inafunguliwa Oktoba. Msimu wa 2024/2025 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, ndugu zangu hiyo ni hela, mtu aliekua anakopa chumvi na sabuni mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja simu inalia anakuta meseji ya milioni. Na kila mtu anajua kwamba imeingia. Muuza bati anajua, bodaboda anajua, anaemdai anajua, na tapeli alieko mbali huko ambae hajawahi kuugusa mkorosho nae anajua, kwasababu mnada ukifanyika bei inatangazwa redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp, mnada wa ngapi, chama gani, tani ngapi. Na lazima itangazwe, mkulima wa huku ameumizwa miaka mingi na bei za kificho kwahiyo sitaki mtu anielewe vibaya hapo. Ila ndo hivyo, habari ileile inayomlinda mkulima dhidi ya mnunuzi inampa tapeli maneno ya kusema.

Kuna mama mmoja Newala, kijiji cha nje kidogo ya mji, nilikaa nae barazani anabangua korosho za kula nyumbani, akanionesha meseji aliyokua ameitunza. Simu yenyewe kitochi, mfuniko wa nyuma haupo na betri imeshikwa na mpira, kioo kinaonesha mistari michache tu kwahiyo alikua anashusha taratibu kwa kidole gumba chenye weusi wa mafuta ya korosho ili nisome yote. Anaeandika anasema yeye ni karani, malipo ya mnada wa tatu yamerudi kwasababu namba ya mkulima haijahakikiwa, atume elfu thelathini na tano ya uhakiki kwenye namba hii, jina litatokea la fulani, mwisho saa kumi jioni leo. Akaweka kidole pale palipoandikwa mnada wa tatu.

"Hapa ndo aliponiweza. Mi kweli nilikua nasubiria mnada wa tatu, wenzangu wote walishalipwa."

Nikamuuliza, mama, mbona hukumwambia hata baba? Akabangua kwanza kama tatu nne hivi. Alafu akasema, "Mwanangu, nikisema wataniambia nilikua na tamaa. Tamaa gani? Nilikua nadai changu."

Hilo jibu ndo lilinigeuzia utafiti wote. Maana elimu tunayowapa watu, redioni, kwenye mikutano ya kijiji, mpaka kwenye nyumba za ibada, inaanza na neno acheni tamaa. Utapeli wa tamaa upo sikatai, zile meseji za karibu Freemason upate utajiri, zile za mganga anaekuita mjukuu wangu, upatu wa kuzidisha hela ambao sio kitu kipya hata kidogo, DECI, ule upatu mkubwa, ilianguka 2009 na watu wakalia nchi nzima. Lakini nilivyokua nasikiliza visa vya watu kimoja baada ya kingine, wengi walikua wanatimiza wajibu. Baba anapigiwa na anaejiita mwalimu kwamba mtoto kaanguka shuleni yuko hospitali daktari anataka hela ya kumuanzishia matibabu, hapo tamaa iko wapi? Au chukua ile meseji ya siku zote, ile hela itume kwenye namba hii. Watu wanashangaa nani anaeingia pale. Anaingia yule ambae asubuhi hiyohiyo kweli kuna mtu amemuahidi hela. Sisi huku tunatumiana hela kila siku, ada, msiba, mgonjwa, kumcheza mwali, mchango wa harusi, na tapeli akiimwaga meseji yake kwa mamia ya namba anachohitaji ni wachache tu ambao siku hiyo wana ahadi na mtu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia acha tamaa unamtukana, na akiibiwa tena hutakuja kujua.

Darasani tulifundishwa nadharia ya Cohen na Felson, Wamarekani, waliitoa 1979 kabla ya simu za mkononi kusambaa, wanasema uhalifu unatokea pale vitu vitatu vinapokutana, mtu mwenye nia ya kuiba, kitu cha kuibiwa, na mlinzi asiwepo. Mimi nikaking'ang'ania hicho cha tatu. Kwenye mtihani ukiulizwa mlinzi nani utaandika polisi, TCRA yaani mamlaka ya mawasiliano, kampuni za simu, benki, na utapata maksi zako. Kijijini mlinzi ni yeyote yule atakaekuuliza "unamtumia nani hela hiyo?" Na tapeli analijua hilo kuliko sisi, ndo maana akishakupigia kitu cha kwanza anakwambia usikate simu, usiongee na mtu, hili ni jambo la ofisi, ukimwambia mtu malipo yako yanafutwa. Anakutoa kwanza kwa watu wako, kuiba kunakuja baadae.

Pale Tandahimba kuna dada ana kibanda cha wakala, siku za malipo foleni inatoka barazani mpaka barabarani, floti, yaani hela ya wakala ya kufanyia miamala, inaisha saa tano asubuhi. Nilikaa kwenye kibanda chake siku nyingi kwasababu ukitaka kuona haya mambo kaa kwa wakala. Mtu akija kutuma na simu nyingine iko sikioni haikatwi, huyu dada anaacha kila kitu. Anasema "baba shikamoo, hiyo simu naomba uikate kwanza, hela haikimbii." Wengine wanakasirika kwelikweli, mzee mmoja alimwambia wewe binti biashara yangu inakuhusu nini, akaenda kwa wakala wa jirani akatuma. Na yule wa jirani hakuuliza. Ukimuuliza nae anakwambia ukweli wake, yeye analipwa kamisheni ya muamala, hajalipwa kuuliza watu maswali, na akiuliza foleni inahamia kwa mwingine. Nimeliandika kwenye ripoti yangu na nalirudia: huyu dada anaokoa watu kwa hasara yake mwenyewe na hakuna mtu anaemlipa hata shilingi kwa hilo, na kwa maoni yangu hapo ndo mahali hela za elimu ya usalama mtandaoni zingetakiwa kuanzia, kabla ya tisheti na mabango.

Suala la laini nalo lina mambo yake. Mei 2019 lilianza zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na tarehe 20 Januari 2020 ndo ikawa mwisho, ambae hajasajili anazimiwa. Wengi tuliamini matapeli wameisha maana kila laini ina mwenyewe. Kilichotokea mtaani ni kwamba jina lililosajiliwa limekua sehemu ya utapeli, soma meseji zao vizuri, "jina litatokea fulani bin fulani", na ukituma kweli jina linatokea na wewe moyo unatulia. Sasa huyo fulani ni nani? Mara nyingi ni mtu ambae hajui chochote. Zoezi lilivyokua la mbiombio wasajili walikua wanatembea na meza na mwamvuli, mtu mzima anaambiwa weka kidole, haijasoma, weka tena, haijasoma, weka tena, kumbe kila akiweka inaweza kusajiliwa laini nyingine kwa jina lake. Nilikaa na mzee mmoja tukapiga *106# kwenye simu yake, ile ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatoka namba ambazo hazijui. Alizisoma moja moja kwa sauti, polepole, alafu akaniuliza kama siku polisi wakija watamkuta yeye au watamkuta huyo anaezitumia. Swali la haki kabisa lile. Tulienda dukani kwa kampuni ya simu akazikana zikafutwa, lakini wangapi kule vijijini wanajua hata kuna *106#? Kama unasoma hii una mzazi mwenye kitochi ipige leo kwenye simu yake, haina gharama.

Sasa upande wa wanaoiba. Taarifa za kila robo mwaka za TCRA zimekua zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro juu kwenye majaribio ya ulaghai wa simu, kwahiyo watu wa huku wanapenda kusema wezi ni wa bara huko, sisi hatumo. Hatumo kwenye kupiga labda. Lakini nimeona orodha ya wakulima imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya chama kimoja, jina, namba ya simu na kilo, mtu yeyote mwenye simu anapita anapiga picha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo pale ofisini hakuna aliekua ameisikia. Na wapo vijana wanaouza orodha hizo. Nilifanikiwa kuongea na mmoja ambae anasema ameacha, tulikaa sehemu aliyoichagua yeye, na nilichotaka kujua anajielezea vipi yeye mwenyewe. Sykes na Matza, wanasosholojia, waliandika 1957 kwamba mhalifu anakua na maneno yake ya kujisafisha kabla hajafanya, kwamba hakuna alieumia, kwamba alieibiwa amestahili, kwamba wanaomlaumu nao ni wachafu, na huyu kijana aliyatoa yote bila kufundishwa na mtu. Ila moja lilinikaa. Akasema, "Dada, kangomba wanamuibia mkulima mchana kweupe mbona hamuendi kuwafanyia risechi?"

Kwa msioijua, kangomba ni yule anaekuja kipindi cha masika mtu hana chakula, anampa hela kidogo, alafu msimu ukifika anachukua korosho kwa bei aliyoipanga wakati wa njaa. Imekatazwa na bado ipo. Kijana hakukosea kuhusu kangomba. Mkulima anaanza msimu tayari ameshaliwa, na ndo maana hela ikichelewa siku mbili tatu anachanganyikiwa, kuna watu wanamsubiri mlangoni, na mtu aliechanganyikiwa ndo anaetuma elfu thelathini na tano ya uhakiki. Kwahiyo umasikini na deni vimo ndani ya huu wizi, huwezi kuvitoa ukabaki na simu tu. Lakini nilimwambia na yeye, ambae namba yake alikua anaiuza hakua kangomba, alikua yuleyule mkulima alieshaumizwa na kangomba. Akanyamaza, akasema ndo maana ameacha. Namuamini kiasi.

Mjini Mtwara aibu hiyohiyo inatumika waziwazi. Mikopo ya kwenye simu, unapakua aplikesheni, unairuhusu kuona namba zako zote, unapewa elfu hamsini, ukichelewa siku moja wanaanza kutuma meseji kwa mkwe wako, mkuu wako wa kazi, shehe wako, wanaandika fulani ni tapeli amekimbia na hela zetu. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni na wakazipiga marufuku, ni hatua nzuri. Mwalimu mmoja wa Chikongola aliniambia alikopa kwingine ili alipe ile ya kwanza, na deni lenyewe lilikua dogo, alichokua ananunua ni ukimya. Mabinti wanaotishiwa picha zao wananunua ukimya huohuo, hilo sitaliandika sana hapa kwasababu walioniambia waliniomba lisitoke.

Watu wananiuliza sheria haipo? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, imeanza kutumika Septemba mosi mwaka huohuo, kifungu cha 12 kinahusu ulaghai, cha 15 kujifanya mtu mwingine, cha 23 unyanyasaji wa mtandaoni. Meseji ya tapeli unaituma kwenda 15040, na ukishaibiwa unatakiwa upige kampuni ya simu dakika hiyohiyo kabla hela haijatolewa, alafu uende polisi upate RB, ile namba ya taarifa yako kituoni. Kila hatua hapo inaanza na mtu kufungua mdomo. Mama wa Newala hakumwambia mume wake aliekua chumba cha pili, huyo atafika kituoni saa ngapi? Na anaefika nae swali la kwanza analokutana nalo, kwa askari au kwa jirani, ni "sasa wewe ulitumaje?" Mimi nikikaa na mtu siku hizi nauliza "alikwambia nini?" Wanaongea. Maneno yanatoka yote, saa, sauti, alijuaje jina la mtoto, na hapo ndo unapata taarifa ambazo hata mpelelezi angezihitaji.

Kitu ambacho hakikuwepo kwenye vitabu vyangu ni wizi wa ndani ya nyumba, na ni mwingi. Bibi hajui kusoma, mjukuu ndo anaemuangalizia salio, namba ya siri anayo mjukuu. Hela ya korosho inaingia, inahama kidogokidogo, meseji zinafutwa, bibi anaambiwa ni makato. Bibi mmoja alikuja kugundua alipoenda kununua bati. Kwa sheria huo ni ulaghai kama ulaghai mwingine. Nyumbani kikaitwa kikao, na kwetu Wamakonde mjomba ndo mwenye sauti kwenye mambo ya watoto wa dada zake, mjomba akasikiliza, mjukuu akakiri, akapangiwa alipe kwa kupalilia na kwa korosho zake msimu unaofata. Nilimuuliza bibi kama hakufikiria polisi. Akanitazama akasema, "Nikimpeleka, nani atanisomea simu?"

Msimamizi wangu alitaka visa hivi viingie kwenye jedwali la ulaghai wa mtandao pamoja na vingine. Tulibishana sana, nikavitenga, sura yake peke yake, kwasababu anaepiga simu kutoka mbali na mjukuu anaelala chumba cha pili hawazuiwi kwa njia moja. Na yule mjomba alishaliona hilo bila chuo. Aliagiza simu isomwe na watu wawili, mjukuu asubuhi na binti wa jirani jioni, kila mmoja amwambie bibi salio bila mwenzie kuwepo, na bibi anafunga fundo kwenye kamba kwa kila laki anayosomewa, mafundo yasipolingana anamuita mjomba. Inafanya kazi mpaka leo. Mwaka huu ufuta ukianza kuuzwa naenda Ruangwa na Nachingwea, nataka kujua kama huko nako familia zimeshajitungia utaratibu wao wenyewe wa namna hii, na kama upo, nani aliuanzisha na ulikua baada ya kuibiwa au kabla.